Nguvu ya Antena Ihesabiwe, Kisha Ihakikiwe

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Puge, Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora.)



Mahali tulipokutana si mageni kwa habari za mawasiliano. Zamani, kabla ya reli na kabla ya simu ya upepo, misafara iliyotoka pwani ilifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, na pale njia ziligawanyika: moja ilielekea Ujiji, nyingine ilikuja kaskazini kupitia nchi hii ya Unyamwezi hadi Msalala na Ziwa kubwa. Barua ya mfanyabiashara na habari za vita zilisafiri kwa mwendo wa mpagazi. Barabara ya lami ilipojengwa kati ya Nzega na Tabora, kazi iligawanywa vipande viwili: Nzega hadi Puge, kiasi cha kilometa 59, na Puge hadi Tabora, kiasi cha kilometa 56, nayo ikafunguliwa rasmi mwaka 2017. Hivyo Puge ni katikati ya njia, na mtu aliye katikati ya njia huona mengi yakipita. Jambo ninalotaka tulizungumze ni kama yale yanayopita juu ya kichwa chake humfikia na yeye.

Nimetakiwa nieleze namna nguvu ya antena inavyohesabiwa, na namna hesabu hiyo inavyohakikiwa. Huenda mwalimu wa Kiswahili au karani wa masjala akauliza: hayo yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, vifaa hivi hununuliwa kwa fedha za umma au kwa michango ya wazazi, na mtu anayetia sahihi kwenye hati ya mapokezi si mhandisi. Mara nyingi ni mwalimu mkuu au mtendaji wa kata. Pili, namba ya antena ndiyo inayoamua nani apate mtandao na nani akose, na uamuzi wa namna hiyo haufai kuachwa mikononi mwa watu ambao hakuna anayeweza kuwauliza.

Tazameni mnara wowote wa simu. Kule juu mtaona makasha marefu yaliyosimama wima, yenye kimo cha mtu na zaidi. Wengi hudhani kila kasha ni antena moja. Sivyo. Ndani ya kasha kuna antena ndogo nyingi zilizopangwa safu moja, juu na chini, nazo hulishwa umeme kwa wakati uliopimwa kwa makini, ili mawimbi yake yasaidiane upande mmoja na yauane upande mwingine. Hiyo ndiyo safu ya antena zenye awamu. Awamu ni lile neno ambalo mafundi umeme hulitamka fezi: hatua ambayo wimbi limefika katika kupanda na kushuka kwake.

Anayetaka kuielewa awamu aende akatazame wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi wa mmoja unapopanda, wa mwenzake unashuka. Tofauti yao ni nusu ya mzunguko, na ndiyo maana michi haigongani. Kwenye kinu tofauti hiyo ni hekima. Kwa mawimbi mambo ni kinyume chake. Mawimbi mawili yanayofika mahali pamoja, moja likipanda na jingine likishuka, hufutana, na msikilizaji wa mahali hapo hapati kitu. Yakifika yakipanda pamoja, huongezana.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1905 Karl Ferdinand Braun, akiwa Strasbourg, alisimamisha antena tatu katika pembe za pembetatu, akaichelewesha moja kidogo, na akaonyesha kwamba nguvu inaweza kuelekezwa upande autakao bila kuzungusha mlingoti hata mmoja. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Marconi. Marconi anajulikana na kila mtoto wa shule. Braun hatajwi sana, ingawa kila kasha lililo mnarani leo linafuata mawazo yake.

Sasa tufike kwenye namba yenyewe, ambayo nitaiita uelekezi. Fikirini antena ya kufikirika tu, isiyopatikana dukani, inayomwaga nguvu zake sawasawa pande zote kama taa iliyoning'inizwa katikati ya mpira. Halafu chukueni antena ya kweli, mkaipa nguvu ileile. Upande ambao inang'aa kuliko pande zote, inang'aa mara ngapi zaidi ya ile ya kufikirika? Jibu la swali hilo ndilo uelekezi. Ikiwa ni mara 10, wahandisi huandika desibeli 10; ikiwa mara 100, desibeli 20; ikiwa mara mbili, desibeli 3. Desibeli ni njia ya kuandika tu, isimtishe mtu.

Naomba tuzingatie maana ya ufafanuzi huo, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Antena haizalishi nguvu. Inachokitoa mbele kwa wingi imekinyima nyuma, juu na kando. Uelekezi ni mgawanyo, na kila mgawanyo una aliyeongezewa na aliyepunguziwa. Sehemu ile inayong'aa tunaweza kuiita ulimi mkuu, kama tunavyosema ndimi za moto, na hizo nyingine ndogo tuziite ndimi za pembeni.

Wale wa umri wangu tuliosikiliza mawimbi mafupi tuliufaidi mgawanyo huo bila kujua. Kwa miaka mingi matangazo ya Kiswahili ya Deutsche Welle yalitufikia kupitia kituo cha Kigali, hadi kituo hicho kilipofungwa mwaka 2015. Vituo vya namna ile hutumia mapazia: antena nyingi zilizotundikwa kwenye nyaya kati ya minara, safu juu ya safu, na nyuma yake wavu wa kurudisha mawimbi mbele. Pazia la antena nne kwa nne, lenye upana wa mawimbi mawili na kimo cha mawimbi mawili, huwa na uelekezi wa kama 50, kabla ya kuhesabu msaada wa ardhi inayorudisha mawimbi juu. Kilowati 100 zikiingia katika pazia hilo, msikilizaji aliye mbele yake husikia kana kwamba kuna mtambo wa kilowati 5,000 unaomwaga pande zote. Aliye nyuma ya pazia hawezi kuamini kwamba mtambo umewashwa.

Turudi mnarani. Kasha la kawaida la mnara hutoa ulimi wenye upana wa kama nyuzi 65 kwa mlalo na nyuzi 7 tu kwa wima. Ni kama chapati iliyolazwa hewani. Katika masafa ya megahezi 900, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimeta 33, ulimi mwembamba wa nyuzi 7 unahitaji safu yenye kimo cha kama meta 2.4, na kwa hiyo kasha ni refu. Wembamba huo ndio unaonifanya nilisemee jambo hili mbele ya watumishi wa umma.

Tuseme kasha liko meta 40 juu ya ardhi, na ulimi wake umeinamishwa nyuzi 2. Katikati ya ulimi hugusa ardhi kiasi cha kilometa 1.1 kutoka mnarani, na ukingo wake wa juu unapita juu ya upeo wa macho, kwa hiyo kijiji kilicho kilometa 10 bado kimo ndani ya ulimi. Kinapata kama asilimia 84 ya nguvu ya katikati, mbali na upungufu unaoletwa na umbali wenyewe. Sasa ulimi uinamishwe hadi nyuzi 6. Katikati yake inagusa ardhi meta 380 kutoka mnarani. Watu wa sokoni na wa kando ya barabara wanasifu mtandao. Kile kijiji cha kilometa 10 sasa kinapata kama asilimia 10. Kimeshuka mara nane, na hakuna mtu aliyepanda mnara, hakuna bolti iliyolegezwa. Kwa makasha ya siku hizi mwinamo hubadilishwa kwa kubadilisha awamu ndani ya safu, na agizo laweza kutolewa ofisini, mamia ya kilometa mbali.

Sisemi kwamba kuinamisha ni dhuluma. Ipo sababu nzuri ya kufanya hivyo: mnara mmoja usiingilie mazungumzo ya mwenzake. Ninachosema ni kwamba kijiji kikilalamika, majibu ya kuwa mnara upo na unafanya kazi hayatoshi. Serikali hutoa ruzuku ya ujenzi wa minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, na mwezi Mei mwaka 2023 ilitiwa sahihi mikataba ya minara 758. Mtumishi anayefuatilia mnara wa kata yake ana haki ya kuuliza mambo matatu: kila kasha limeelekezwa upande gani, limeinamishwa nyuzi ngapi, na uelekezi wake ni kiasi gani. Hizo ni namba tatu tu. Akizipata, anaweza kuchora mwenyewe juu ya ramani ni nani amemulikwa.

Lakini namba ikishatolewa, nani ahakikishe kwamba ni ya kweli? Hapa ndipo walimu wa hisabati wanapoingia, na hapa nitakaa zaidi.

Tuanze na safu ndogo kuliko zote, antena mbili zilizo umbali wa nusu wimbi, zinazolishwa pamoja bila kucheleweshana. Wati moja igawanywe kati yake, kila moja ipate nusu. Nguvu ni mraba wa kimo cha wimbi, kwa hiyo kimo cha kila wimbi kinakuwa 0.707 ya kile ambacho wati nzima ingekitoa. Kwa msikilizaji aliye mbele, aliye umbali sawa kutoka kwa zote mbili, mawimbi hufika pamoja: 0.707 na 0.707 ni 1.414, na mraba wake ni 2. Kwa aliyesimama kwenye mstari unaoziunganisha antena hizo, wimbi la ile ya mbali limechelewa nusu mzunguko. Yanafutana, naye hapati kitu. Uelekezi ni 2, yaani desibeli 3. Ukiwa na antena 8 katika mstari, kila moja nusu wimbi kutoka kwa jirani yake, uelekezi ni 8, yaani desibeli 9. Kanuni ni nyepesi, na wepesi wake huwadanganya watu.

Huwadanganya kwa sababu mtu akiona hivyo atasema: kama nusu wimbi inaleta 2, tutanue nafasi, ulimi uwe mwembamba zaidi na uelekezi upande. Tujaribu. Kwa antena mbili kanuni ni hii: chukua 2, ugawe kwa 1 jumlisha saini ya x iliyogawanywa kwa x, ambapo x ni umbali kati ya antena hizo, uliohesabiwa kwa urefu wa wimbi, mara 2 mara pai. Kwa umbali wa robo wimbi jibu ni 1.22. Kwa nusu wimbi ni 2. Kwa robo tatu ni 2.54. Kwa wimbi zima, jibu linarudi 2 tena! Ulimi wa mbele ni mwembamba zaidi kuliko ulivyokuwa kwenye nusu wimbi, macho yanaona hivyo, lakini uelekezi haukuongezeka hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu kwenye mstari wa antena hizo wimbi sasa limechelewa mzunguko mzima, na wimbi lililochelewa mzunguko mzima linafika likipanda pamoja na mwenzake. Zimezaliwa ndimi mbili mpya, moja kila mwisho wa mstari, zenye nguvu sawa na ulimi mkuu, na zimekula chote kilichookolewa. Mtu anayepima wembamba wa ulimi wa mbele peke yake hatawaona wezi hao wawili.

Kwa hiyo njia ya pekee ya kuhakiki ni kuhesabu nguvu yote inayotoka, pande zote za mpira, si mbele tu. Njia yenyewe ni hii. Gawa mpira kwa mikanda kama ya latitudo katika tufe la darasani. Tafuta ukali wa nguvu katika kila mkanda. Zidisha kwa eneo la mkanda huo, jumlisha, gawa kwa eneo lote. Umepata wastani. Ukali wa juu kabisa gawa kwa wastani huo: ndio uelekezi.

Walimu wanaweza kuifanya kwa kikokotoo cha mkononi. Tuchukue zilezile antena mbili za nusu wimbi, ambazo tayari tunajua jibu lake ni 2. Ukali katika pembe yoyote kutoka kwenye mstari wa antena ni mraba wa kosaini ya nyuzi 90 mara kosaini ya pembe hiyo. Kwa kuwa nusu moja ya mpira inafanana na nyingine, mikanda 9 inatosha, yenye katikati kwenye nyuzi 5, 15, 25, na kuendelea hadi 85. Ukali wake ni 0.000, 0.003, 0.022, 0.079, 0.197, 0.385, 0.620, 0.844 na 0.981. Zidisha kila mmoja kwa saini ya pembe yake, kwa maana eneo la mkanda hupungua karibu na ncha. Jumla inakuwa 2.865. Jumla ya saini zenyewe ni 5.737. Wastani ni 0.4994, na uelekezi ni 2.0025. Tumehesabu kwa njia mbili zisizotegemeana, na zimekutana ndani ya sehemu mbili za elfu.

Sasa fanyeni zoezi hilohilo na msahau kuzidisha kwa saini. Jumla ya ukali inakuwa 3.131, gawa kwa 9 mpate wastani wa 0.348, uelekezi unatoka 2.87. Makosa ya zaidi ya asilimia 40, na kila hatua inaonekana safi! Kosa hili hufanywa hata na watu wenye kompyuta kubwa, kwa kuwa kompyuta hujumlisha kile ilichoambiwa ijumlishe. Mwanafunzi aliyeshika tufe na kuona kwamba mkanda unaopita karibu na ncha ya kaskazini ni mdogo kuliko ule wa ikweta, huyo hatalifanya. Nashauri tufe litolewe kwenye kabati la jiografia na kupelekwa katika kipindi cha hisabati.

Kwa safu tambarare, yaani bamba, iko kanuni fupi ya kukagua: uelekezi wa juu ni eneo la bamba mara 4 mara pai, gawa kwa mraba wa urefu wa wimbi. Bamba la antena 8 kwa 8, zilizoachana nusu wimbi, lina upande wa mawimbi manne na eneo la mawimbi mraba 16. Jibu ni 201, yaani desibeli 23. Tulihakiki kwa njia nyingine. Ulimi wa safu ya 8 una upana wa nyuzi 12.7. Mpira mzima una nyuzi mraba 41,253. Mtu akigawa namba hiyo kwa 12.7 mara 12.7 atapata 256, ambayo imezidi mno, kwa kuwa amechukulia kwamba nguvu yote imo ndani ya ulimi mkuu. Kwa safu tambarare wahandisi hutumia 32,400 mahali pa 41,253, ili ndimi za pembeni nazo zipewe fungu lake. 32,400 ukiigawa hivyohivyo, jibu ni 201. Kwa kasha la mnara la nyuzi 65 kwa 7, kanuni hiyohiyo hutoa 71, desibeli 18.5, na ndiyo sababu mtaona makasha mengi ya namna hiyo yameandikwa desibeli 17 au 18.

Kanuni ya eneo ni silaha ya mnunuzi. Nimewahi kuona bamba lililouzwa kwa shule moja, ambalo juu ya boksi liliandikwa desibeli 24. Bamba lilikuwa la mraba, sentimeta 30 kila upande, la masafa ya megahezi 2,400. Gawa 300 kwa 2,400 upate urefu wa wimbi: meta 0.125. Eneo ni meta mraba 0.09. Hesabu inatoa 72, yaani desibeli 18.6. Desibeli 24 ni mara 251. Bamba la ukubwa ule lingehitaji kuwa karibu mara tatu na nusu ya eneo lake ili liifikie namba ya boksi. Mwalimu aliyekuwa na utepe wa kupimia na penseli angelirudisha siku ileile, kabla ya kutia sahihi. Wazazi walikuwa wamechanga, bamba likafungwa juu ya paa, na kilometa walizoahidiwa hazikufikika.

Hapo muuzaji mjanja ataleta maneno mengine. Atasema namba ya boksi ni geini, si uelekezi. Jibuni kwamba geini haiwezi kuzidi uelekezi. Uelekezi ni mgawanyo wa kile kilichotoka. Geini inahesabu pia kilichopotea njiani, kwenye nyaya na viungo, kikageuka joto. Bamba lenye uelekezi wa 72 likipoteza nusu ya nguvu ndani yake, geini yake ni 36. Hasara hupunguza tu.

Kuhusu upimaji wa kweli, nje ya karatasi, iko njia nzuri isiyohitaji antena ya mfano iliyothibitishwa kutoka ng'ambo. Chukua antena tatu usizozijua, A, B na C. Pima nguvu inayopita kati ya A na B, kati ya A na C, kisha kati ya B na C, kwa umbali uleule. Ukishaondoa upungufu wa umbali, ambao unahesabika, tuseme umepata desibeli 30, 28 na 26. Mambo matatu yasiyojulikana, milinganyo mitatu: A ni 16, B ni 14, C ni 12. Kidato cha pili wanaweza kuimaliza. Inayopatikana hapa ni geini. Ukitaka uelekezi itakubidi urudi kwenye kuzunguka mpira. Ni lazima pia kusimama mbali ya kutosha ili ulimi uwe umekwisha kujiunda. Umbali wenyewe ni mara mbili ya mraba wa upana mkubwa kabisa wa antena, gawa kwa urefu wa wimbi. Kwa lile bamba la sentimeta 30, ukipima kona hadi kona, ni kama meta 3; kwa kasha la meta 2.4 kwenye megahezi 900 ni kama meta 35. Anayepima karibu zaidi ya hapo anapima kitu kingine.

Limebaki jambo la ulimi unaogeuzwa. Mabamba ya intaneti ya satelaiti ziendazo chini, ambazo huduma yake ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023, hufuata satelaiti angani kwa kugeuza awamu, na vivyo hivyo mabamba ya kizazi cha tano yaliyoanza kutumika nchini mwetu mwaka 2022. Muuzaji ataonyesha namba ya ulimi unaotazama mbele moja kwa moja. Ulimi ukigeuzwa, bamba huonekana jembamba kwa yule anayelitazama kwa upande, na uelekezi hupungua takriban kwa kosaini ya pembe ya kugeuka. Kwenye nyuzi 60 umebaki nusu: zile 201 zimekuwa 100. Anayelipia huduma yafaa aulize namba ya kwenye nyuzi 60, si ya mbele tu.

Mwisho, kazi ambayo shule za hapa zinaweza kuianza wiki hii. Simu nyingi za kisasa huonyesha, katika sehemu ya hali ya mtandao, nguvu ya ishara kwa desibeli. Wanafunzi wazunguke mnara kwa umbali mmoja, tuseme kilometa 2, wakiandika kipimo kila baada ya hatua 200, kila mahali vipimo vitano, kisha wachukue wastani, kwani mti, ukuta na hata mkono ulioshika simu hubadilisha namba. Waandike pia namba ya kitambulisho cha antena ambayo simu imejiunga nayo, ili wasichanganye minara miwili. Vipimo vichorwe kwenye karatasi ya duara. Zitaonekana ndimi, kwa kawaida tatu, na mabonde kati yake. Halafu watoke kwa mstari mmoja kuelekea kijiji cha mbali, kilometa kwa kilometa, waone ishara inashuka polepole au inaanguka ghafla. Kila karatasi iandikwe tarehe na saa, na zoezi lirudiwe baada ya mwezi, maana mwinamo wa leo unaweza kubadilishwa kesho kutoka ofisini, na bila karatasi ya kwanza hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba umebadilishwa.